Maswali ya Wasomaji: Mtoto na Lugha ya Kigeni

Barua nyingi zilizofika mezani kwetu mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtoto afundishweje lugha isiyo ya nyumbani kwao bila kuchoshwa wala kutiwa hofu. Nimechagua tano kati ya hizo na kuzifupisha, na majina ya waandishi nimeyaondoa kama ilivyo desturi ya safu hii. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

"Mwalimu, shikamoo. Nafundisha Darasa la Kwanza katika shule ya serikali. Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, Kiingereza kinaanza Darasa la Kwanza, nami nina watoto zaidi ya 90 katika chumba kimoja, vitabu ni vichache, na Kiingereza changu mwenyewe ni cha wastani. Watoto wanaitikia kwa nguvu kila ninachosema, lakini nikimsimamisha mmoja peke yake anabaki kunitazama. Nifanye nini ili walielewe somo na walipende?" (Mwalimu, Singida)

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Hilo la kuitikia ndilo kiini cha tatizo, na umelibaini mwenyewe. Darasa likiitikia kwa sauti moja, mwalimu huondoka akiamini kwamba somo limeingia, ilhali wanaosema kwa hakika ni wale wachache wa mbele, na waliobaki wanafuata mwangwi tu. Sikuambii uache kabisa kuitikisha, kwa maana kunasaidia matamshi, na mtoto mwoga hupata mahali pa kuujaribu ulimi wake bila kutazamwa. Lakini kuitikia hakumpi mtoto maana. Maana huja pale neno linapomfanya atende jambo, au pale anapolihitaji ili apate kitu anachokitaka.

Kwa sababu hiyo ningekushauri uanze na amri za mwili. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia James Asher wa San José, California, aliwafundisha watu Kijapani na Kirusi kwa kuwapa amri fupi ambazo walizitekeleza kwa viungo vyao: simama, tembea, geuka, gusa mlango. Aligundua kwamba waliosikia na kutenda walikumbuka zaidi kuliko waliokaa na kutazama wenzao wakitenda. Alikuwa ameona kwamba ndivyo kila mtoto anavyoianza lugha ya mama yake, kwani kabla hajasema neno lolote huwa ameambiwa mara nyingi alete kijiko, apunge mkono, na asiguse jiko, naye ametii. Kwa mwalimu wa watoto 90 mbinu hii ina fadhila kubwa zaidi, kwani haihitaji vitabu, na kwa kuwatupia macho tu unatambua nani ameelewa na nani anaiga jirani yake.

Tuchukue kipindi kimoja cha dakika 30. Umeingia darasani na embe moja, ndoo, na kipande cha kanga. Dakika chache za mwanzo ni za amri wanazozijua: "stand up", "sit down", "touch your nose", "touch the desk". Mara ya kwanza unatenda pamoja nao. Mara ya pili unatulia na kusema tu, ili masikio yao yafanye kazi badala ya macho. Kisha unalitoa embe, na kila sentensi unayoisema unaiambatanisha na kitendo chake. Unasema "I smell the mango", na unalinusa kweli. Unasema "I put the mango in the bucket", na unalitia ndooni. Baada ya hapo mtoto mmoja anatoka nje, mwenzake analificha embe, na darasa zima linajua liko wapi isipokuwa yule aliye nje. Anaporudi, unauliza kwa niaba yake: "Is it under the desk?", "Is it behind the door?", nao wanajibu "yes" au "no". Jibu la neno moja linatosha kabisa kwa wiki za mwanzo. Atakayelipata ndiye atakayelificha safari inayofuata, na siku si nyingi ndiye atakayeuliza maswali badala yako. Mpaka kipindi kiishe, neno "under" litakuwa limesikika mara nyingi bila mtu kuliandika ubaoni wala kulikariri, kwa sababu kila mtoto alilihitaji ili ajue embe liko wapi.

Kanuni za mchezo zieleze kwa Kiswahili, tena kwa ufupi. Wapo wanaoamini kwamba katika somo la Kiingereza halipaswi kusikika neno la Kiswahili, nami nimeona vipindi vizima vikiteketea huku mwalimu akihangaika kueleza kwa Kiingereza jambo ambalo sentensi moja ya Kiswahili ingelimaliza. Okoa muda huo, kisha Kiingereza chote kiingie ndani ya mchezo wenyewe, mahali ambapo mtoto anakisikia akiwa na hamu nacho.

Kuhusu wingi wao, usijaribu kucheza na wote 90 kwa wakati mmoja kila siku. Wagawe makundi, nusu wabaki wakichora vitu ulivyovitaja jana, na nusu utoke nao chini ya mti. Siku ya pili wabadilishane. Ukipata watoto sita au saba waliozishika amri vizuri, wafanye viongozi wa makundi, kila mmoja awaamrishe wenzake. Watoto wanapenda mno kuamrisha, na mtoto anayetoa amri analazimika kusema kwa kueleweka, la sivyo hakuna atakayesimama.

Aliye kimya usimsukume. Mtoto anaweza kukaa kimya kwa miezi huku akitii kila amri bila kosa, na ukimya huo ni kazi inayoendelea kichwani mwake. Anapokosea vilevile usimkatize. Akisema "two mango", mwitikie kwa uchangamfu, "Yes, two mangoes!", na mchezo uendelee. Amesikia umbo sahihi, na hajaaibishwa mbele ya wenzake. Mtoto wa miaka sita aliyechekwa mara moja kwa sababu ya Kiingereza anaweza kufunga mdomo mpaka mwisho wa shule ya msingi.

Lipo jambo jingine ambalo hukuuliza, lakini litakufika muda si mrefu. Watoto wako ndio kwanza wanajifunza kusoma Kiswahili kwa silabi, ba, be, bi, bo, bu, na katika Kiswahili herufi haimdanganyi msomaji. Ukiwapa maandishi ya Kiingereza mapema, watasoma "make" kama "ma-ke", na watakuwa na haki ya kufanya hivyo. Tena herufi wanayoijua kwa sauti ya "i" itaitwa "ai" katika Kiingereza, na ile ya "e" itaitwa "ii", nao watachanganyikiwa katika lugha zote mbili kwa pamoja. Kiache Kiingereza kiwe cha masikio na mdomo kwanza, mpaka kusoma Kiswahili kukae sawa. Maneno machache unaweza kuyabandika chini ya picha ukutani ili macho yayazoee. Njia ya kuunganisha picha na neno ni kongwe: mwaka 1658 mwalimu Comenius, mzaliwa wa Moravia (leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki), alichapisha mjini Nuremberg, Ujerumani, kitabu cha watoto chenye picha za vitu vya kila siku, zenye namba zinazomwongoza mtoto kwenye jina la kitu kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Wewe unaweza kuchora soko la kijijini kwenye karatasi ya manila, ukaweka namba, na watoto wakawa wanataja wanachokiona.

Na Kiingereza chako cha wastani kinatosha. Unachohitaji katika mwaka huu wa kwanza ni sentensi fupi zisizozidi ukurasa mmoja wa daftari, zilizo sahihi, unazozisema bila kusitasita. Ziandae jioni, zipitie na mwenzako aliye na uhakika zaidi, na uzirudie darasani bila aibu, kwa kuwa watoto wa umri huo hawachoki kurudia mchezo wanaoupenda.

"Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu ana miaka minne na yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza. Shule imetuagiza wazazi tuzungumze Kiingereza tu nyumbani, na wanafunzi wakubwa wanaokutwa wakisema Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Mimi na baba yake Kiingereza chetu ni cha kuungaunga, kwa hiyo tumekuwa tukimwekea katuni za Kiingereza kwenye simu kwa muda mrefu kila siku. Nyimbo zote anaziimba, lakini ukimwuliza kitu kwa Kiingereza hajibu. Je, tumeshachelewa?" (Mama, Tabata, Dar es Salaam)

Salama, mama. Hamjachelewa. Hofu ya kuchelewa imewatawala wazazi wengi wa mijini, nami ningependa kuipunguza kwa jambo lililothibitishwa. Nchini Hispania sheria ilipobadilisha umri wa kuanza kusoma lugha ya kigeni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Barcelona wakiongozwa na Carmen Muñoz walipata nafasi adimu ya kulinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza wakiwa na miaka 8 na walioanza wakiwa na miaka 11. Walipowapima baada ya saa zilezile za masomo, walioanza wakubwa walikuwa mbele. Mtoto mdogo anayo faida ya masikio na ya kutoona haya, lakini faida hiyo hujitokeza pale anapoishi ndani ya lugha, akicheza na kugombana na wenzake kwa lugha hiyo asubuhi hadi jioni. Kwa vipindi vichache vya darasani, mtoto mkubwa hushika haraka zaidi.

Sasa tuje kwenye simu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha utafiti juu ya watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina kwa vikao 12. Waliokaa na mtu hai, aliyewasomea vitabu na kuwachezesha, walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliosikia maneno hayohayo kutoka kwenye video hawakujifunza kitu. Mwanao si mchanga tena, na katuni zinaweza kumwachia maneno mawili matatu, lakini hakuna katuni inayosubiri jibu lake, wala inayomtazama usoni kuona kama ameelewa. Anaziimba nyimbo kwa sababu wimbo hauhitaji kueleweka ndipo uimbwe. Swali lako lilihitaji mambo mengine kabisa, nayo hajawahi kufanyishwa mazoezi.

Punguzeni muda wa simu, na hicho kidogo kitakachobaki mkitazame pamoja naye. Simamisha katuni pale mhusika anapotaka kufungua mlango, umwulize kwa Kiswahili unadhani nini kitatokea, kisha muigize kipande hicho sebuleni kwa maneno yale machache ya Kiingereza aliyoyasikia. Mtoto akisema "open the door!" na baba yake akafungua mlango kweli, amejifunza zaidi ya alichokipata kwa juma zima la kutazama peke yake.

Ama agizo la kusema Kiingereza tu nyumbani, nakuomba usilifuate. Kiingereza cha kuungaunga kitakufanya umwambie mwanao mambo machache, mafupi na makavu. Kwa Kiswahili unaweza kumsimulia ulivyokua, kumweleza kwa nini mvua imechelewa, kumtania, kumfariji, na kubishana naye. Mtoto aliyezoea kuulizwa "kwa nini" na kujieleza kwa lugha ya kwao huwa na cha kusema lugha ya pili inapomjia, na ule uwezo wa kupanga hoja hauhitaji kufundishwa mara mbili. Hata sauti zenyewe humfuata. Anayetamka vizuri "thelathini" na "dhahabu" tayari anazo sauti mbili za Kiingereza, za "think" na "this", ambazo watu wa mataifa mengi wanazihangaikia hadi utu uzima.

Kuhusu kibao cha shingoni, naandika nikiwa na uchungu. Adhabu hiyo ni ya tangu enzi za ukoloni, na kazi inayoifanya leo ni ileile: inamfundisha mtoto kuionea aibu lugha ya mama yake, na inamfanya aiogope lugha anayotakiwa kuipenda. Mwenye hofu hutafuta namna ya kusema maneno machache iwezekanavyo, na lugha haikui kwa kunyamaza. Nenda na wazazi wenzako, si peke yako, mkaonane na mwalimu mkuu kwa heshima, na mpendekeze kitu mbadala: saa maalumu ya michezo na maigizo ya Kiingereza kila siku, ambayo watoto wataisubiri kwa hamu.

"Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu watatu walio Uingereza. Mkubwa ana miaka kumi, mdogo ana mitano. Mama yao ni binti yangu, baba yao ni wa hukohuko. Kila Jumapili wananipigia simu ya video, wananisalimu kwa Kiingereza, kisha tunabaki kutazamana. Kiswahili kwao ni lugha ya kigeni. Nataka niwafundishe kabla sijafa, lakini mimi si mwalimu." (Bibi, Mombasa)

Shikamoo, Bibi. Mungu akuongezee umri. Hukusomea ualimu, lakini unacho kitu ambacho walimu wengi wanakitafuta bila kukipata, nacho ni wanafunzi wanaokupenda na sababu ya kweli ya kuzungumza nao.

Tatizo la simu za Jumapili ni kwamba hazina shughuli. "Hujambo, sijambo, shule vipi" huisha kwa dakika moja, na mtoto hana la kuongeza hata angekuwa na lugha. Ipe kila simu kazi yake. Jumapili hii mnapika: binti yako aweke simu jikoni kwao, wewe uiweke jikoni kwako, na mkande unga wa chapati pamoja. Sema taratibu, "Tia maji. Kidogo. Tia tena. Sasa kanda," huku mikono yako ikionekana. Hawahitaji tafsiri, kwa sababu macho yao yanawaambia. Yule wa miaka mitano atalishika "tia tena" siku hiyohiyo, na atalirudia mpaka mama yake achoke.

Kisha vitendawili. Wafundishe kwanza mwito na mwitikio, wewe useme "Kitendawili!" nao wajibu "Tega!" kwa nguvu, kwa maana hata asiyejua neno jingine lolote tayari ameingia mchezoni. Chagua vile ambavyo jibu lake linaonekana. "Nyumba yangu haina mlango," na yai liko mkononi mwako nyuma ya kamera, unalitoa baada ya wao kukisia. Mkubwa wa miaka kumi mpe jukumu tofauti: kila juma aandae kitendawili kimoja cha kukutegea wewe. Atalazimika kumwuliza mama yake, na huko ndiko Kiswahili kitakakopata nafasi ndani ya nyumba yao.

Hadithi nazo zina nafasi yake. Anza kwa "Paukwa!" wakuitikie "Pakawa!", na uwasimulie ya sungura na fisi unayoijua, lakini irudie ileile Jumapili tatu au nne, kila mara ukiwaachia sehemu zaidi waimalizie wenyewe. Mwanzoni watakujibu kwa Kiingereza. Pokea jibu hilo, kisha wewe endelea kwa Kiswahili bila kuwakemea. Wakishazoea kwamba Bibi anaelewa Kiingereza lakini anazungumza Kiswahili, kila mmoja atavuka kwa wakati wake. Jambo moja la muhimu umwambie binti yako: naye azungumze nao Kiswahili kila siku, hata kama ni wakati wa kuoga na kulala tu, kwani simu moja kwa wiki, hata ikiwa nzuri namna gani, haitoshi peke yake.

"Salamu, Mwalimu. Shule ya binti yangu wa miaka kumi inatoa Kifaransa, Kijerumani na Kichina kama masomo ya hiari. Tuchague ipi? Na nitamsaidiaje ilhali mimi sijui hata moja?" (Baba, Nairobi)

Nashukuru kwa salamu. Chagueni ile ambayo binti yako atakutana na watu wanaoisema. Wazazi wengi huchagua kwa kufikiria ajira za miaka 15 ijayo, na mtoto wa miaka kumi hawezi kuamka asubuhi kwa ajili ya ajira hiyo. Kwa Nairobi mna bahati. Kijerumani kina kituo cha Goethe-Institut, Kifaransa kina kituo cha Alliance Française, na Kichina kina Taasisi ya Confucius iliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Mpeleke akaone shughuli za watoto zinazofanyika huko, halafu umsikilize yeye. Ningeongeza kwamba Kifaransa mnacho hata mtaani. Zipo familia nyingi Nairobi kutoka Kongo na Burundi ambazo zinazungumza Kiswahili na Kifaransa pia, na rafiki mmoja kutoka Bukavu au Bujumbura atamsaidia binti yako kuliko kamusi, kwa kuwa wanaweza kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine wanapokwama.

Kutojua kwako kusikusumbue, bali kutumie. Akirudi kutoka shuleni, muombe akufundishe alichojifunza, na uwe mwanafunzi wa kweli: kosea, uliza, rudia. Mtoto anayefundisha hupanga upya kila alichokisikia, na hugundua mwenyewe mahali asipoelewa. Mkichagua Kichina, mwambie akuonyeshe toni kwa mkono. Silabi "ma" ikisemwa kwa sauti ya juu iliyonyooka ni mama, ikishuka kisha ikapanda ni farasi, na ikishuka kwa ghafla ni kukaripia. Mchore hewani kila toni mnapoitamka, ninyi wawili, kwa sababu sikio la mtu aliyekua na Kiswahili halijazoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunabadilisha maana ya neno, na mkono hulisaidia kuona.

"Assalaam alaykum. Nafundisha madrasa. Watoto wangu wanasoma Kurani kwa tajwidi nzuri, wamehifadhi juzuu, lakini ukiwauliza kwa Kiarabu 'kalamu iko wapi' hawakuelewi. Napenda wajifunze kuzungumza pia, ila nachelea kuleta michezo itakayoshusha heshima ya mahali." (Ustadhi, Pemba)

Wa alaykum salaam, Ustadhi. Hofu yako ni ya haki, na dawa yake ni kutenganisha nyakati. Kipindi cha Kurani kibaki kama kilivyo, na maneno ya aya yasiingizwe katika mchezo wowote. Kiarabu cha mazungumzo kipe muda wake, ikiwezekana nje barazani, ili watoto wenyewe watambue kwamba hili ni somo jingine.

Watoto wako wanao mtaji ambao watoto wengine hawana. Matamshi, ambayo ndiyo sehemu ngumu kwa wengi wanaojifunza Kiarabu, wameshayapata: wanaitofautisha "sin" na "sad", "kaf" na "qaf", kwa sababu umewakalisha chini ukawarekebisha herufi moja baada ya nyingine. Na maneno mengi wanayo bila kujua kwamba wanayo. Ukiweka mezani kitabu, kalamu, daftari, sabuni, sukari, samaki, kahawa na zabibu, karibu yote hayo wanayatambua kwa Kiarabu wakiyasikia mara moja tu. Hesabu nazo zinawasaidia: sita, saba, tisa, ishirini na thelathini zimetoka hukohuko. Kazi inayobaki ni kurudisha sauti ambazo Kiswahili kimezilainisha, kwamba sabuni inaanza kwa "sad" na kalamu inaanza kwa "qaf", nao watafurahi kuona kwamba makharij (mahali herufi zinapotokea kinywani) waliyofundishwa yana kazi hata sokoni.

Basi wafungulie duka. Mmoja anauza, wengine wananunua, na shilingi ni vijiti au kokwa. Mnunuzi anauliza "bikam?" (bei gani?), muuzaji anataja bei, na bei ikitajwa vibaya bidhaa haitoki. Wakishazoea, ongeza "aina?", yaani "iko wapi?" kwa Kiarabu, na uvifiche vitu kimoja kimoja mbele ya kundi linalotafuta. Sentensi kama "hadha kitab" (hiki ni kitabu) ziingie hivyohivyo, kwa kitu kilicho mkononi. Sarufi ya Kiarabu, yaani nahau (muundo wa sentensi) na sarfu (maumbo ya maneno), isubiri mpaka mtoto awe na sentensi za kutosha za kuichambulia. Anza na vitu hivyo vinane, dakika kumi baada ya alasiri, na usiongeze kitu cha tisa mpaka mtoto mdogo kuliko wote dukani aweze kuuza vyote vinane bila kusaidiwa.